Vidole vya Osca

Harufu ya vanishi mbichi sijaisahau hadi leo. Nikipita karibu na karakana ya seremala hunirudisha Ifakara, kwenye banda la fundi fremu, nikiwa msichana mdogo niliyeng'ang'ania kanga ya mama.

Kaka yangu Osca alikuwa amefariki kwa homa masika yale. Alituachia picha moja aliyoichora kwa mkaa: mama akipeta mpunga nyumbani kwetu Idete, ameinamia ungo. Osca alikuwa na tabia ya kuchora huku akila, mama akimgombeza kwamba shuka zake zina mkaa mwingi kuliko jiko. Basi pembezoni mwa karatasi ile palijaa alama za vidole vyake, nyeusi, nyingine za mafuta ya mihogo ya kukaanga.

Fundi aliitandaza mezani, akaweka juu yake kadibodi nyeupe iliyokatwa dirisha katikati. Alama zote zikapotea. Mama akabaki peke yake, safi, kama picha ya dukani.

"Hivyo ndivyo," baba akasema. "Na hizo kingo zikate kabisa."

"Ni vidole vya mwanangu hivyo," mama akasema.

"Mama Osca, wageni wataona uchafu."

"Waone."

Baba alitoka akasimama kando ya barabara, ametupa mgongo, mabega yakimtikisika. Nilidhani ni hasira. Niwaambieni kweli, nilimchukia. Nilimwona mtu anayejali macho ya wageni kuliko mwanawe.

Fundi alishika mkasi, akauliza taratibu, "Sasa mama, nikate au nifunike?"

Mama alimtazama baba kule nje.

"Funika," alisema. "Usikate."

Picha ilitundikwa sebuleni, na kila jioni baba aliketi akiitazama. Miaka mingi kinyongo hakikunitoka. Bibi alizoea kusema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami nilidhani mzazi ni mama peke yake. Nilipopata watoto wangu ndipo nikaelewa: mchoro baba aliweza kuutazama, vidole hakuviweza. Mama alilijua hilo palepale bandani. Alikubali vidole vya mwanawe vikae gizani, nyuma ya kadibodi, ili mumewe aweze kuinua macho ukutani.