Mnyoosho wa Esperansi

Sisi tuliokulia Bugarama wakati bunduki za Congo zinasikika ng'ambo ya mto Ruzizi, tulikuwa na miguu bwana! Si hawa wa leo wanaopanda pikipiki hata kwenda kununua chumvi. Sisi tulitoka shuleni mbio hadi kwenye mpunga, kufukuza ndege kwa makopo na makelele, tope hadi magotini, kiazi kitamu cha kuchoma mkononi.

Kwa kuruka mbali, hakuna msichana wa shule aliyenifikia. Halafu akaja Esperansi. Wazazi wake walikuwa wamerudi kutoka Bukavu, naye alikuja na soksi nyeupe, Kifaransa cha puani na miguu mirefu. Jamani, nilimwonea wivu mpaka ugali ukawa haupiti kooni. Mmoja wetu tu angechaguliwa kwenda kushindana Kigali, na mimi Kigali nilikuwa naisikia redioni tu.

Mwalimu alituzoeza jioni. Mimi nilichelewa kila mara, maana Maman hakuniachia: "Ndege banamaliza mupunga, na weye unawaza kuruka?" Nikifika uwanjani namkuta Esperansi kaketi majanini, kashika vidole vya miguu, kainama, katulia kama yuko misani. Nikajiambia, kumbe nguvu zake zinatoka hapo.

Siku ya kuchaguliwa niliwahi. Nikaketi, nikajinyoosha, nikavuta misuli mpaka machozi yakanitoka, nikashikilia, nikarudia tena. Nilipoitwa, miguu ilikuwa imelegea. Nikakimbia, nikaruka, nikaangukia karibu kabisa, hata watoto wadogo wakacheka. Esperansi yeye alikimbiakimbia kidogo, akarukaruka, akapaa.

Nilimwuliza kwa hasira mbona yeye hakujinyoosha. Akanishangaa: "Ile mi nafanyaka kisha mazoezi, juu ya kupumuzika. Si mbele!" Kumbe mimi nilikuwa naona mwisho wa mazoezi, nikadhani ni mwanzo. Akaenda Kigali yeye.

Leo binti yangu anaruka. Mwalimu wao anawaambia wazi: anzeni kwa kukimbia polepole, misuli ikivutwa muda mrefu kabla ya kuruka inapoteza nguvu. Mtoto anaambiwa tu, bure, na bado analalamika kuwa mazoezi yanachosha!

Juzi alinipigia simu akiwa Kigali, ameshinda, anapiga kelele za furaha. Nikamwambia hongera, mwanangu. Simu ilipokatika nililia sana. Nilimwonea wivu mtoto niliyemzaa mwenyewe.