Taa ya Pinki Nyumbani kwa Bwana Afya

Ukitaka kumjua Isdori, jirani yangu wa hapa Pito, usianze na samaki. Anza na kazi aliyoifanya mpaka akastaafu: bwana afya. Alikuwa akipita vilabu vya pombe vya Sumbawanga na tochi mkononi, anachungulia mapipa, anauliza choo kiko wapi, na asiporidhika anafunga. Kuna siku alitufungia kilabu tukiwa hatujamaliza kunywa. Mimi hilo sijamsamehe.

Baada ya kufiwa na mkewe alikaa mpweke muda mrefu, halafu akatushangaza. Alikwenda Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, akarudi na Asnath, mama mcheshi aliyezoea joto na ziwa mlangoni. Ufipa yetu ya milimani ikampokea kwa baridi ya Juni. Akavaa masweta mawili, akasogelea jiko la mkaa, akasema mbele yangu:

"Huku hata maji ya kuangalia hakuna. Bwana Afya, siku ukiniona nimefunga mzigo, usiniulize."

Mimi nilicheka. Isdori hakucheka. Aliogopa kweli, na tangu siku ile kila alichofanya alikifanya ili mzigo ule usifungwe.

Alimwita Felisian, fundi wa vioo na madirisha ya alumini, wakatengeneza tangi refu sebuleni, chini ya dirisha la barabarani. Shemeji yake akaleta samaki hai kutoka Kasanga ndani ya ndoo, wadogo, wenye milia na ugomvi mwingi. Kwa muda mambo yalikuwa mazuri. Kisha maji yakaanza kunuka, na samaki wakawa wanapanda juu kutafuta hewa.

Felisian, ambaye elimu yake ya samaki ameipata kwenye simu, alieleza kwamba samaki wanachafua maji, na mwani, ule utelezi wa kijani unaoota kwenye mawe, unakula uchafu huo. Basi uoteshwe makusudi katika tangi la pili, ndani ya kabati la chini. Maji yashuke kwa bomba, yapite kwenye wavu wenye mwani, halafu pampu iyarudishe juu yakiwa safi.

"Kilichobaki ni taa tu, mzee," akasema. Taa tu!

Isdori alianza kwa kuchomoa balbu ya korido na kuifunga kabatini. Ikaotesha ute wa kahawia, wa kijani haukuonekana. Akaamua kwamba dawa ni ukali, akafunga taa kubwa ya LED, zile za kumulika ua. Mwani uliochipua ukawa wa njano, na mwanga ukavuja hadi tangi la juu, vioo vyake vikaota kijani mpaka samaki wakapotea machoni. Mtu aliyefunga vilabu vya watu kwa sababu ya uchafu akashinda amepiga magoti anakwangua ute. Nilikuwa napita mara kwa mara kumsalimu.

"Shikamoo, Bwana Afya. Choo kiko wapi?"

"Marahaba. Toka hapa."

Ni Felisian aliyemwambia kwamba mwani nao unachagua rangi. Unapenda nyekundu nyingi na buluu kidogo, kama taa za kuoteshea miche. Ikaagizwa moja Mbeya. Mwani ukaota vizuri, nywele ndefu za kijani, na kila wiki Isdori akawa anang'oa kiasi na kuwatupia bata. Maji yakang'aa. Jioni Asnath anakaa pale na kikombe cha chai, na mzee akaanza kulala usingizi.

Lakini nyekundu na buluu zikichanganyika zinatoa pinki. Taa yenyewe hujiwasha jioni kwa saa iliyotegeshwa, ile ya tangi la juu ikishazimwa, na hapa kwetu kila mtu anajua nyumba yenye dirisha la rangi hiyo inauza nini. Isdori akafunika kabati kwa kitenge. Kitenge kilikuwa chekundu. Haikupita wiki, vijana wawili wakaingia, wakajitupa kwenye sofa.

"Mambo, mzee! Tuletee mbili za baridi."

"Mshikaji, pako poa hapa," mwenzake akasema. "Wana mpaka samaki."

Asnath ndiye aliyewapa chai. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Ikaja Oktoba, na zamu ya jumuiya yetu ya kanisa kusali rozari nyumbani kwake. Katikati ya fumbo la tatu taa ikajiwasha, na sisi sote, pamoja na sanamu ya Bikira Maria, tukawa pinki. Mama Zita, mwenyekiti wetu, akasimamisha sala.

"Mzee Isdori, taa hii inasemwa huko nje. Weka nyeupe kama watu wengine."

"Nyeupe nilijaribu, mama."

"Basi izime. Leo na siku zote."

Isdori aliinuka, akaweka kidole kwenye swichi. Jina lake ndilo alilolitunza maisha yake yote, na sote tulijua atazima. Hakuzima.

"Siwezi," alisema. "Mwani ukifa, maji yataharibika, samaki watakufa, na huyu atarudi kwao. Mnisamehe. Afadhali mniite mwenye baa."

Nilitafuta utani wa kumtupia, nikaukosa.

"Bwana Afya," Asnath akasema taratibu, "mimi nimezaliwa ziwani. Samaki nawajua wakiwa kwenye sufuria. Hawa wako wala siwaelewi."

"Lakini kila jioni unakaa hapo."

"Nakaa kukuangalia wewe, unavyolibembeleza hilo kabati. Mwanaume wa namna hii nimwache niende wapi?"

Mama Zita alikohoa, akatuambia tuendelee na fumbo la tatu, na taa akaiacha ikiwaka. Isdori akaikosea Salamu Maria aliyoijua tangu utotoni, na hakuna aliyemsahihisha.