Tyuna ya Kukanyaga Niliyoifuata Tunduma

Kwa miaka minne nilipiga gitaa la besi katika kwaya ya kanisa letu huku Isansa, na miaka yote hiyo nilinyoosha nyuzi kwa tyuna, kifaa cha kupimia sauti ya uzi, ile ya kiklipu cha kubana kwenye kichwa cha gitaa. Kilinichosha roho. Uzi mnene kilikuwa hakiusikii kabisa, na ngoma zikianza kupigwa, herufi za noti zinarukaruka tu kwenye kioo chake. Basi nikaenda Tunduma kutafuta tyuna ya kukanyaga, ile unayochomeka waya wa gitaa, ukiikanyaga inakata sauti kwenye spika, unanyoosha nyuzi zako kimyakimya.

Muuzaji alikuwa nazo tatu. Moja kubwa kama sinia, ina mambo mengi nisiyoyahitaji. Nyingine haina hata pa kuweka betri, na huku umeme unakatika utakavyo. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya chuma, taa zake zinaonekana hata juani.

"Inashika uzi wa chini wa besi?" nikamuuliza.

"Dada, hii inashika hata injini ya lori."

Tukaijaribu kwa besi iliyokuwa dukani, ikaushika, taa ikawa kijani kuonyesha uzi umekaa sawa. Kulikuwa na kitufe kidogo pembeni, nikamwambia, "Bonyeza na hicho tuone." Akabonyeza mara kadhaa, namba zikabadilika, tukaridhika wote wawili. "Natotela," akanishukuru kwa Kibemba alichozoea kuongea na wateja wa Zambia.

Jumamosi yake tukaanza mazoezi. Gitaa la solo hupigwa na baba yangu mdogo, ambaye ananyoosha nyuzi kwa sikio tangu sijazaliwa. Hatukumaliza ubeti mmoja, akasimamisha watu.

"Mwanangu, besi yako iko juu."

"Baba mdogo, taa ni ya kijani."

"Mimi sisikilizi taa."

Mwalimu wa kwaya naye alikuwa amekunja uso nyuma ya kinanda chake. Nikamwambia labda kinanda kimechoka.

"Kinanda hakina nyuzi, dada. Kitalegea wapi?"

Ilikuwa hivyo Jumamosi tatu mfululizo. Nilibadilisha nyuzi, nikabadilisha waya, nikabadilisha betri. Taa kijani, kwaya yote inanitazama. Jumamosi ya tatu uvumilivu ukaniishia, nikamwambia baba mdogo, mbele ya watu, aende hospitali akapimwe masikio. Alifunga gitaa lake kwenye kitambaa akaondoka.

Nyumbani, kwa hasira, nikakunjua karatasi ya maelekezo ambayo sikuwa nimeisoma. Maandishi madogo kama chembe za chumvi. Inasema namba ya kawaida ya kipimo cha sauti ni mia nne arobaini, na kitufe cha pembeni huipandisha au kuishusha. Nikabonyeza mara moja ionyeshe namba iliyopo. Mia nne arobaini na tano. Tyuna ilikuwa imenipandisha juu ya wenzangu wote tangu dukani, na aliyesema kibonyezwe ni mimi mwenyewe. Nikairudisha mia nne arobaini, huku nikitamani kuitupa shimoni.

Asubuhi nikamfuata baba mdogo. Nilimkuta kwenye kichanja anachambua kahawa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

Nikamweleza yote. Mikono yake haikuacha kuchambua.

"Imezidi ngapi?"

"Tano."

"Ndizo nilizokuwa nazisikia."

"Naomba unisamehe, baba mdogo. Na ile ya hospitali."

"Ya hospitali uliisema mbele ya kwaya."

Kwa hiyo Jumamosi nikasimama mbele ya kwaya, uso unawaka, nikaomba radhi. Waimbaji wa sauti ya kwanza walicheka mpaka mwalimu akawanyamazisha. Baba mdogo akanishika bega, akasema yameisha, kisha akainama akachomoa waya wangu kwenye tyuna na kuchomeka wake. Anataka tu kuona, akasema.

Tangu siku hiyo hataki kushuka kwenye tyuna hiyo. Kila mazoezi ananyoosha kwanza kwa sikio, halafu anaikanyaga tyuna ahakikishe kuwa sikio lake ni zima, uzi mmoja mmoja, na nyuzi zake ni sita. Jumamosi iliyopita kwaya nzima ilikuwa imesimama inasubiri, mimi nimeshika waya wangu mkononi kama mtu anayengoja zamu kisimani.

"Baba mdogo, jamani, tuanze."

"Uzi wa tatu bado," akasema, wala hakuinua macho.