Mistari Minne Chini ya Masweta

Sijawahi kufanya kazi na mtu mzito kama shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mke wangu. Jina la Kobe nilimpa mimi. Alianza kwa kufuta vioo katika kampuni yetu ya ndege mbili, na mimi ndiye niliyemwombea kazi, ujinga wangu huo. Akajisomesha urubani, na siku moja nikamkuta na mistari mitatu mabegani kama yangu. Hata mkanda wa kiti alikuwa anaufunga, anaufungua, kisha anaufunga tena. Nilimchekea usoni, lakini rohoni wivu ulikuwa unanila. Mafundi walimpenda, abiria walimpenda, na nyumbani mke wangu hakuishiwa na "mdogo wangu".

Kapteni mmoja alipostaafu, kiti chake tukakigombea sisi wawili. Mimi nilikuwa rubani msaidizi kwa miaka kumi na mmoja. Nilijiona nimeshapata.

Asubuhi ya mtihani mkaguzi alitupandisha sote. Nikaanza mimi, Kobe akakaa nyuma. Tulipofika juu vya kutosha, mkaguzi akapunguza nguvu ya injini moja kimyakimya. Pua ikaanza kuvuta pembeni. Nilitaka Kobe aone kazi inavyofanywa na wenye kazi yao. Nikadaka mkono wa kuongozea nguvu ya injini, nikaurudisha nyuma wote, na ndege ikalegea.

"Umeikata inayotubeba," mkaguzi alisema, akaurudisha mwenyewe.

Tukabadilishana viti. Zamu hii pua ilivutwa kushoto. Kobe akakanyaga pedali ya kulia mpaka ikanyooka, akatulia. Kisha akauvuta mkono wa injini ya kushoto kidogo tu, akasubiri. Pua ikazidi kwenda kushoto.

"Inayoumwa ni ya kushoto," alisema, "lakini bado inasaidia. Naiacha ifanye inachoweza."

Akaurudisha mkono mahali pake, akaigeuza ndege kwa upana, bila pupa, akaishusha uwanjani. Nilimwombea adunde, Mungu anisamehe. Hakudunda.

Habari kwamba kiti ni cha Kobe ilinitangulia nyumbani. Nilimkuta mke wangu mbele ya kabati letu, ameshika vitambaa vya mabegani vya mistari minne, ya kapteni. Nilivinunua mwezi mmoja kabla, nikavificha chini ya masweta.

"Baba watoto, kumbe ulishamnunulia?" Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Na mimi siku zote nadhani unamwonea kijicho."

Nikavichukua, nikatoka. Kobe alikuwa sebuleni, bado na shati jeupe la kazi. Akainuka taratibu, akaniinamishia bega.

"Nivalishe wewe, shemeji. Nani mwingine?"

Nikamvua ile mitatu, nikamvisha minne. Nikafunga kifungo, nikakifungua, nikakifunga tena. Mikono yangu haikutaka kuiachia mistari ile.