Nilisimama Mlangoni Nikamtafsiria Mwanangu Uongo

Nimekosa mimi, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Msinitafutie udhuru. Na wale watakaoniambia "mama hufanya yote kwa mapenzi", wabaki nayo hayo mapenzi. Yangu nimeona yaliponifikisha.

Ninaishi Mabela, hapa Maskati. Wazee wetu walitoka Unguja na nyumbani tunasema Kiswahili. Binti yangu, nimwite Zuwena, alikuwa na miaka kumi na hajawahi kukalia dawati la skuli. Nilimsomesha mwenyewe, kwa Kiingereza, kwenye meza ya kulia chakula.

Na nilivyojiona! Tulikuwa na kikundi cha simu, kina mama tunaosomesha watoto nyumbani, na mimi ndiye niliyejifanya bingwa wao. "Mtoto aachiwe achague," nilikuwa nawaandikia huku nimekunja nne. Zuwena akitaka kusoma habari za volkano kabla ya hesabu, tunasoma volkano. Alitaka ukuta wa chumba chake upakwe rangi ya machungwa, ukapakwa, nikapiga picha nikawatumia. Sifa nilizomwagiwa! Mashoga zangu wenye watoto skuli nikiwaona kama watu wanaofuga kuku.

Kumbe uhuru wangu ulikuwa wa rangi ya ukuta tu.

Wakahamia majirani wapya, Waarabu wa huko ndani milimani, Kiswahili hawajui hata salamu. Mama mtu tukimwita Umm Salim. Binti yake, Shamsa, alikuwa rika moja na Zuwena. Haikupita wiki, wakawa chanda na pete. Kiarabu cha Zuwena kilikuwa cha kuombea maji, maana sikujishughulisha kumfundisha. Wakaelewana hivyo hivyo, kwa baiskeli, kwa paka, kwa kuchorana hina mikononi.

Siku moja tunakula mchana, Zuwena akasema, "Mama, mie nataka kwenda skuli na Shamsa."

Baba yake akacheka. "Si mwenyewe unasema achague? Haya, kachagua."

Nikamkata jicho. Mtoto nikamwambia tutaona. Na "tutaona" ya mama mnaijua maana yake.

Nilipoletwa nchi hii nikiwa mdogo, nilitiwa skuli sijui Kiarabu. Kila nikisimama kusoma, darasa zima linaangua kicheko, kisha wananitaka niseme tena wapate kucheka tena. Nikaapa mwanangu hatachekwa. Maneno mazuri hayo, eti? Hata mimi niliyaona mazuri. Lakini nani alinituma nimvishe mtoto aibu yangu ya zamani, wakati yeye wala hakuiomba?

Na ngoja niwape ukweli wenyewe, maana huo wa kuchekwa ni ule ninaojipambia. Nilimwonea wivu Shamsa. Mtu mzima mimi, namwonea wivu mtoto wa miaka kumi! Zuwena alikuwa akinihadithia mimi kila kitu. Sasa anakula mbio mbio ili akimbilie nyumba ya pili.

Basi alasiri moja Umm Salim akaja mlangoni. Kwa Kiarabu chake cha haraka akaniambia amezungumza na mwalimu mkuu wa skuli ya Shamsa, wako tayari kumwona Zuwena, na yeye mwenyewe atawachukua wote wawili kwenye gari lake. Zuwena alikuwa nyuma yangu. Katika yote hayo aliokota neno moja tu, la skuli.

"Anasemaje, mama?"

Nikageuka, uso mkavu. "Anasema Shamsa ana marafiki zake wa skuli sasa, msisumbuane. Na unavyosema Kiarabu wanakucheka."

Kisha nikamgeukia Umm Salim. Nikamwambia kwa Kiarabu fasaha, kile nilichokisomea kwa machozi, kwamba binti yangu anashukuru lakini hataki, na wageni wa kila siku wanamchosha.

Yule mama akatabasamu, akaweka mkono kifuani, akaenda zake. Lilikuwa tabasamu la mtu anayeficha fedheha. Zuwena aliliona akadhani ndicho kicheko chenyewe.

Alilia siku mbili. Kisha akanyamaza, na ule unyamavu nikauita utulivu! Baiskeli ikaota vumbi. Kiarabu akakiacha kabisa, hata dukani akawa ananionyesha kwa kidole anachotaka ili nimwombee mimi. Na mimi, mjinga wa wajinga, nikawaandikia wenzangu kikundini: "Binti yangu ameamua mwenyewe kubaki nyumbani." Wakanitumia mioyo myekundu mpaka simu ikachoka.

Njia ya mwongo fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa mwaka mmoja.

Umm Salim, pamoja na yote, hakuacha ujirani. Ramadhani ilipoingia akawa analeta sahani ya harisi kabla ya magharibi, nami namrudishia na sambusa, maana sahani hairudi tupu. Mlango nilikuwa naufungua mimi tu. Lakini siku hiyo nilikuwa nakaanga, mikono imejaa unga, na kengele ilipolia Zuwena akanitangulia.

Alikuwa Shamsa, na sahani yake. Akasema kwa Kiswahili! Kibovu, cha kuunga unga, lakini Kiswahili.

"Zuwena, mimi nakosa nini? Mama yangu nasema njoo skuli. Wewe nasema hapana, nasema mimi nakuchosha."

"Mie? Mie sijasema!" Zuwena sauti ikampanda. "Si nyie mlosema nnakuchekesheni?"

Shamsa akatikisa kichwa. Kiswahili hicho, nilikuja kujua, alijifunza darasani, kwa sababu skuli yao watoto wa Kiswahili wamejaa tele. Hakuna ambaye angemcheka mwanangu. Shamsa alikuwa akiwaomba wenzake wamfundishe ili siku moja aje amuulize Zuwena mwenyewe, bila ya mimi kusimama katikati.

Wakageuka wote wawili, wakanitazama. Sambusa zikaungua.

"Mama," Zuwena akasema, "siku ile Umm Salim alisema nini?"

Mimi mwenye lugha tatu, safari hii nikamtafsiria kweli, neno kwa neno.

Nilipokwenda kuomba radhi, Zuwena alinizuia nisifungue mdomo. "Ntasema mwenyewe." Akasimama mbele ya Umm Salim na Kiarabu chake cha kuvunjika, akaomba msamaha wa kosa langu, mimi nimeketi na kikombe cha kahawa kama mgeni asiyejua lugha. Hakuna aliyecheka. Umm Salim hakunitukana, na bora angenitukana.

Sasa Zuwena yuko skuli. Kwa sababu ya Kiarabu chake wamemweka darasa la chini, na watoto wadogo kuliko yeye, na mwaka ule nilioupoteza mimi anaulipa yeye. Hanilaumu. Anarudi na Shamsa, wanaingia chumba chenye ukuta wa machungwa, wanafunga mlango.

Enyi mama mnaosomesha nyumbani, na nyie mnaopeleka skuli, maana ujinga huu hauna skuli yake: mtoto akichagua rafiki, usisimame katikati ukajifanya mdomo wake. Ukisema achague, mwache achague hata kile kitakachomtoa mezani pako. Kama huwezi, sema huwezi, kuliko kufanya niliyoyafanya mimi.

Juzi bibi yake alipiga simu kutoka Bawshar. Nikamwambia Zuwena, "Bibi anakusalimu, anasema amekukumbuka sana."

Akainua macho kwenye daftari lake. Wala hakuwa na hasira.

"Kasema yeye, mama, au umesema wewe?"

Nikampa simu aulize mwenyewe.