Ajenda ya Kikosi

Mtanivumilia kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande, na pengine pa kuweka r nimeweka l, maana niliishia darasa la sita na tangu hapo kalamu nimeishika mara chache. Naandika polepole. Lakini kinywa changu ni kizito kuliko mkono, ndiyo sababu nimechagua karatasi.

Tunakaa Buyenzi, nyuma ya gareji ya kaka yangu. Mimi nasafisha kabureta na kuuza vipuri vidogo dirishani. Kazi hiyo inanifaa kwa kuwa haitaki maneno: mtu ananionyesha beringi iliyokwisha, mimi namtafutia inayofanana nayo.

Ile ajenda kaka aliikuta chini ya kiti cha gari kuukuu lililotoka Ulaya. Ajenda ndivyo tunavyoita hapa daftari la kuandikia mambo ya kila siku. Hii ilikuwa ya umeme, ukubwa wa kiganja, yenye kioo na kijiti cha plastiki cha kuandikia. Haikuwa simu. Ilitengenezwa zamani, kabla simu hazijajua kufanya kila kitu. Kaka aliipenda mara moja. Akaandika humo vipimo vya valvu, namba za boshi, gari gani linatumia beringi gani. Wateja walimcheka.

"Fundi, hiyo kitu uliifukua ku makaburi?"

"Cheka tu," kaka akajibu. "Utaona siku itaingia ku internet, we na simu yako mutakuja kuiomba musamaha."

Alisema kwa mzaha, lakini kaka akishasema jambo mbele ya watu halali mpaka litimie. Akamtafuta fundi mmoja wa simu kule Mutakura. Yule fundi alikuwa na kadi ya wifi ya enzi zile zile, nene kama kiberiti kilichokanyagwa. Unaichomeka juu ya ajenda, nayo inabaki imetokeza nje kama ulimi. Tulipoichomeka, taa ndogo ya kijani ikaanza kupepesa. Ajenda ikaona mitandao ya mtaa mzima, na wetu pia, wa modemu ya gareji. Ila kila tulipojaribu kuingia, ilikataa.

"Hii kadi ni ya zamani," fundi akasema. "Haijue kufuli za leo. Toeni neno la siri ku modemu, muache mulango wazi."

Tukatoa. Kuuona mtandao tu hakukutosha; ikabaki kazi ya kuandika jina lake kwa kile kijiti, nayo nilipewa mimi. Jina lilikuwa refu, herufi na namba zimechanganyika, na ajenda ilisoma kila herufi yangu vibaya.

"Badilisha jina ku modemu," kaka akasema. "Weka fupi."

Ilikuwa Ijumaa. Mafundi walikuwa wametoka msikitini na wamezunguka sinia la pilau, kama kila Ijumaa. Sisi tunaokula pamoja pale tulikuwa tunajiita kikosi. Anayechelewa akikuta mifupa anaambiwa kikosi kimeshapita. Basi mmoja, wali umemjaa mdomoni, akapiga kelele, "Andika Kikosi!" Wote wakacheka, na kaka akacheka kuliko wote. Nikaandika Kikosi.

Ajenda ikaingia. Ukurasa wa kwanza ulishuka mstari kwa mstari, picha zikafuata vipande vipande, na mafundi wakapiga makofi kama gari lililokufa limeunguruma.

Tulisahau kwamba simu ya kila anayepita barabarani ilikuwa inaona jina hilo.

Kwanza walikuja vijana wasio wa gareji. Waliegemea ukuta wetu wakitumia mtandao bure, mmoja, kisha wengi, hawanunui kitu, hawasemi na mtu. Halafu akaja mtu wa pikipiki. Yeye hakuegemea. Alisimamisha pikipiki ng'ambo ya barabara, akaangalia simu yake, akaangalia ukuta, akaangalia tena simu. Kesho yake alirudi.

Mama anayeuza matunda mbele yetu aliniita.

"Mwanangu, kuja hapa. Ile Kikosi naona ku simu ya mutoto wangu, ni ya nani?"

"Ni yetu, mama."

"Yampayinka! Yenu?" Akashusha sauti. "Kumbe ni kweli. Wanasema mukubwa wenu iko na ajenda."

"Ndiyo, anayo. Ya kuandika vipuri."

Hakunisikia, au hakutaka. Ndipo nikaelewa kwamba yale maneno mawili yametoka garejini kwetu yakiwa na maana moja na huko nje yamepata nyingine. Kikosi si watu wa sinia tena, ni watu wa bunduki. Ajenda si daftari, ni mpango wa siri. Ukiyaweka pamoja, katika mji kama huu wetu, hakuna anayengoja maelezo.

Nilimwambia kaka jioni. Akacheka. "Watu wa hapa wanapenda cinéma."

Aliacha kucheka siku mteja wa Gihosha, mfanyakazi wa serikali, alipokuja kuchukua gari lake. Injini ilikuwa bado mezani.

"Funga hivyo hivyo, nitavuta," akasema.

"Patron, bado ringi tu, kesho inatembea."

"Fundi, mi nakuheshimu." Hakutuangalia usoni. "Toa ile jina. Toa leo."

Tukazima modemu saa ile ile. Lakini yule fundi wa Mutakura alituambia kwenye simu kwamba kila simu iliyowahi kuingia imelihifadhi jina lile. Wale vijana wa ukutani, ambao hata hatuwajui, wanatembea na Kikosi mifukoni mwao.

Shefu wa mtaa alimwita kaka. Aje na ajenda, na aje na kikosi chake chote.

Asubuhi ya kwenda, mafundi hawakuja kazini. Mmoja alikuwa na homa, mwingine ana msiba Rumonge, wengine simu hazikupatikana. Siwalaumu. Wana watoto. Kaka alivaa shati la Idi, akasimama mlangoni akitazama barabara. Kisha akanitazama mimi.

"We baki," akasema.

Nikavaa viatu.

Ofisini, pamoja na shefu, walikuwapo wanaume wawili ambao hakuna aliyewatambulisha kwetu. Kaka akaeleza habari ya sinia. Akaeleza vizuri, na pale mahali pa kuchekesha hakuna aliyecheka.

"Kikosi chako kiko wapi?" mmoja akauliza.

Kaka akaiangalia ajenda mkononi. Angeweza kutaja majina.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Mi niko wa kikosi. Tunakulaka pilau."

Yule mwingine aliichukua ajenda na kuiwasha. Kadi ilikuwa bado imechomekwa, na taa ya kijani ikaanza kupepesa.

"Inatafuta nani?"

"Modemu yetu," kaka akasema. "Tuliizima."

"Kwa nini muliizima?"

Jibu lilikuwa rahisi, lakini mle ndani kila jibu lilikuwa linageuka likitoka mdomoni. Kaka akasema tuliogopa. Yule mtu akatikisa kichwa polepole, kama amesikia alichokuwa anakingoja. Tukaambiwa twende nyumbani, tutaitwa. Ajenda ikabaki mezani, taa inapepesa.

Kaka alitembea akiwa na nafuu kidogo. "Wataisoma," alisema. "Wataona valvu na boshi tu, basi itaisha."

Mimi nilimpigia fundi wa Mutakura kumweleza yaliyotupata. Akaniuliza kama waya wa chaji tumewapa pia. Nikasema hapana, ni ule tuliouunga wenyewe, uko ukutani hapa. Ndipo akaniambia kwamba mashine za aina ile hazina mahali pa kudumu pa kutunza maandishi. Yote yanaishi kwa betri, na ile kadi inakunywa betri upesi. Betri ikikata, kila kilichoandikwa kinafutika kama ubao wa shule. Wakipata chaji na kuiwasha, itawaka safi, haina neno hata moja.

Sijamwambia kaka. Anangoja kuitwa akiamini vipimo vyake vitamtetea. Mimi naona watu wawili wakiwasha ajenda ya Kikosi na kuikuta tupu, na nani atawaambia imejifuta yenyewe? Pikipiki imerudi ng'ambo ya barabara. Mafundi bado hawajarudi.

Basi, wewe unayesoma, kama uliwahi kuwa na mashine kama hiyo ikafa betri, niandikie. Niambie kama kuna chochote kilichorudi. Mpe barua yako yeyote anayekuja Buyenzi kutafuta vipuri, aniletee dirishani. Andika hata kama hakuna kilichorudi, nijue la kumwambia kaka kabla hawajamwita.