Kupe Mkononi mwa Mama

Mama yangu alikuwa akijisifu kwamba maradhi hayajawahi kumfunguza Ramadhani. Ugonjwa wa sukari ulipomfika, daktari wetu hapa Kilwa Masoko alimruhusu kufunga kwa sharti moja: avae kihisi, kidude cha duara kinachobandikwa kwenye ngozi nyuma ya mkono, kipime sukari na kuiarifu simu yangu. Sukari ikishuka chini ya nne, afungue papo hapo. Mama alikiita kupe.

Niliupokea ulinzi huo kwa moyo mkunjufu, kwani mimi ni mtu wa nidhamu. Kila simu ilipolia kwa sukari kupanda, nilimkumbusha mama, mbele ya wajukuu zake, madhara ya visheti.

Alasiri moja ikalia kwa kushuka. Nilimkuta amejilaza mkekani, jasho limemtoka usoni.

“Mama, fungua.”

“Nimemlalia kupe wako, ndiyo maana anapiga kelele.”

Hilo hutokea kweli. Mkono ukibanwa, kipimo hudanganya. Nikamchoma kidole kwa mashine ya zamani. Damu ikasema vilevile.

“Ruhusa ya kula wamepewa wagonjwa,” nikamwambia.

“Wagonjwa wako hospitali, sheikh. Mimi mzima mwenye sukari.”

Nimesoma vitabu vingi juu ya maadili, na hakuna hata kimoja kinachofundisha namna ya kumwamuru mama. Nikamuuliza alikula nini daku.

“Maji.”

“Maji matupu?”

“Nikila, simu yako inanisengenya, nawe unanihutubia. Nikaona heri nimnyime kupe maneno.”

Mbele ya macho yake nikaizima sauti ya sukari kupanda, nikaiacha ya kushuka peke yake. Hapo ndipo alipoipokea glasi ya maji ya sukari, akainywa amenuna. Baada ya muda nguvu zikamrudia, na ulimi pia.

“Sasa mfungaji ni wewe peke yako humu ndani,” akasema akijifuta midomo. “Nguvu za kusimamia watu unazo. Kakune nazi.”

Nikaikalia mbuzi uani na kanzu yangu ya msikitini, naye akinikosoa toka mkekani kwamba nakuna mpaka kifuu.

Jioni ile daktari, kwa simu, alimruhusu kuendelea kufunga, mradi ale daku ya mtu mzima. Daku ilipofika alikula muhogo, samaki, na kisheti kimoja akinitazama usoni. Nilimezea yote niliyotaka kusema.